Mizani ya Mpunguzi

Barua imenikuta kwenye foleni ya chai,
karatasi nene, muhuri wa buluu, jina langu lote:
Nyemo Chilongani Masaulwa.
Mmechaguliwa kumi na wawili, inasema,
kuingia Mkondo wa Heshima:
utafiti wako mwenyewe, tasnifu ya kurasa themanini,
semina kila Jumamosi, saa mbili hadi saa nane.
Jibu kabla ya Ijumaa, saa kumi jioni.

Leo Jumatano. Upepo wa Dodoma
unataka kuisoma kabla yangu,
unaivuta pembeni, unaitia vumbi.

Heshima.
Kwetu heshima ni kukunja goti ukipokea maji,
ni kutomkatisha mama mdogo hata akikosea mwaka.
Haijawahi kuwa na usajili.
Haijawahi kuuliza kama una wastani wa nne nukta nne.

Eliwaja, wa kitanda cha juu, anasema ingia tu,
cheti chako kitakuwa na mstari mmoja zaidi.
Mstari mmoja!
Nimelala nao usiku kucha kama chawa.

Nilishawahi kuchaguliwa. Darasa la nne
walinitoa mkondo B kunipeleka A,
nikabeba dawati langu kukatiza uwanja,
mimi huku, Mbeleje kule.
Alinifikisha mlangoni. Akaachia.
Karanga zake hazikunifikia tena.

Na Jumamosi za mavuno ni siku za mizani.
Lori la mnunuzi husimama kando ya lami,
mama anashusha kreti, mimi nashika daftari.
Tangu darasa la sita nashika daftari:
tarehe, kreti, kilo zetu, kilo zao.
Zetu, kwa mizani tuliyoazima zahanati,
mia na kumi na mbili.
Zao, mia na tatu.
"Zabibu hunywea njiani," mnunuzi hucheka.
Njia yenyewe hatua thelathini.
Kijiji kinaitwa Mpunguzi,
na mizani ile imelielewa jina.

Nampigia mama.
"Huko kwenye hilo darasa wanawapa chakula?"
Sijui, mama.
"Na Jumamosi nani ataandika?"
Nakaa kimya, na salio linakwenda na kimya changu.
Nangoja aseme neno la kunisukuma huku au kule.
Anasema, "Tochi imekufa. Ukija lete betri mbili."

Fomu ina swali moja lenye mistari mitano:
Kwa nini unataka kujiunga?
Nimeandika: kukuza taaluma yangu. Nimefuta.
Nimeandika: nina ari na bidii.
Kifutio kimetoboa karatasi.
Nimeandika: kilo tisa.
Kilo tisa kila mzigo, miaka tisa, zimekwenda wapi?
Hombolo wanapunjwa ngapi? Bihawana?
Kosa ni la chuma au la kidole?
Mistari imeisha, nikageuza nyuma,
nikaendelea mpaka umeme ulipokatika,
na hata hapo sikusimama mara moja.

Alhamisi nimekwenda kwa Dakta Sogodi
kuuliza kama Jumamosi za mavuno
naweza kuwa kule niliko siku zote.
Akavua miwani, akaipangusa kwa tai.
"Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo."
Hiyo ni ndiyo au hapana?
Alishaanza kusahihisha mtihani wa mtu mwingine.

Ijumaa, saa kumi kasoro robo.
Nipo ngazi za utawala, fomu ndani ya daftari la mama,
betri mbili zinagongana mfukoni.
Kijana wa mbele yangu, kola imenyooka, anageuka:
"Na wewe ni wa heshima?"
"Mimi ni wa mizani," namjibu.
Hakuelewa. Foleni imesogea.
Na mimi nimesogea.